Mwaridi wa Iceberg Tanga: umechanua mara moja, kisha kimya

BintiRaskazone

Assalaam alaykum wadau wa bustani.

Nina mwaridi mweupe aina ya Iceberg, ulinunuliwa Lushoto ukiwa na maua yake. Umebebeshwa (yaani umeunganishwa juu ya mche wa mwaridi mwingine), na kovu la kubebeshea linaonekana vidole viwili juu ya udongo. Upo ardhini, Raskazone, kando ya ukuta uliopakwa chokaa, na unapata jua kuanzia asubuhi hadi saa 8 mchana.

Baada ya kupandwa ulitoa maua vizuri, halafu basi. Majani mapya ya juu ni ya njano, lakini mishipa yake imebaki kijani. Ya chini yana madoa meusi na yamepukutika sana masika hii. Maua makavu hayakukatwa, na mengine yamefanya vitunda. Tena kuna fimbo moja ndefu imetoka chini, ina miiba mingi, inakwenda mbio na haina hata tumba.

Maji ni ya kisima. Mbolea ni samadi ya ng'ombe, na majivu ya jikoni kila mwezi.

Muuzaji alisema hili ni waridi la kila mwezi. Je, Iceberg hurudia maua huku pwani, au ni ua la milimani tu? Na nianze na nini: kupogoa, mbolea au dawa?

---

Bwana Miche

Waalaykum salaam dada. Inarudia, hata Tanga. Ila kupogoa kwa nguvu sahau kwanza.

Mwaridi wa aina hii hausubiri msimu. Kila chipukizi jipya likikomaa linaishia kwenye tumba. Ukikata ua lililochoka, jicho lililo chini ya mkato linaamka, linarefuka, nalo linaishia kwenye tumba. Maua yakikoma, maana yake kuna kitu kimezuia machipukizi. Kwako naona vizuizi zaidi ya kimoja. Udongo na magonjwa nawaachia wanaovijua kuliko mimi.

Hiyo fimbo ndefu nina shaka nayo. Iceberg ina miiba michache mno. Fukua taratibu uone inapotokea. Ikianzia chini ya kovu, huo ni mche wa chini uliobeba Iceberg yako, na ukiuachia utameza mti wote. Watu huhesabu vijani, wakisema jani lenye vijani saba ni la mche pori. Usitegemee hilo peke yake, maana hata mwaridi mzuri hutoa vijani saba mara mojamoja. Kinachoamua ni mahali inapotokea. Ukishakiona kitako chake, ishike uivute kuelekea chini ing'oke na kisigino chake. Ukiikata kwa mkasi unaacha macho udongoni, na zitarudi tatu.

Vitunda navyo ondoa vyote leo. Mti ukishaanza kulea mbegu hauna haraka ya kutoa chipukizi jingine.

Kwa siku za usoni: Iceberg huchanua kwa mashada, na ua la katikati hutangulia. Chomoa ua mojamoja kwa vidole linapochoka. Shada zima likiisha, teremka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje ya mti, ukate nusu sentimita juu ya jicho lake, mkato ulale kidogo ili maji yasituame. Macho ya juu zaidi, yale ya majani yenye vijani vitatu, hutoa vikonyo vyembamba ambavyo haviwezi kubeba shada. Ndiyo sababu mwaridi usiokatwa hadi hapo hutoa maua madogo yanayoinama.

Lakini mara hii usishuke hivyo. Mti wako hauna majani mengi, na hayo machache ndiyo yanayoulisha. Kata shada kavu tu, kila jani la kijani libaki. Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

---

Mama Chumbageni

Mwanangu, majivu acha leo hii.

Majivu yanapandisha pH (kipimo cha uasidi wa udongo; ikipanda, asidi imepungua), na mwaridi unataka kama 6 hadi 6.5. Mji wetu umekalia matumbawe na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji kwenye mawe hayo hayo ya chokaa. Juu ya hapo una ukuta wa chokaa unaochuruzika kila mvua ikinyesha. Ukiongeza majivu unamwaga chokaa juu ya chokaa.

Jani jipya la njano lenye mishipa ya kijani ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila pH ikipanda kinajifunga na mizizi haikipati. Ingekuwa naitrojeni imepungua, njano ingeanzia majani ya chini, yale ya zamani, tena jani zima na mishipa yake. Wengi wakiona njano hukimbilia urea. Wanachopata ni majani laini yanayovutia vidukari na ubwiri unga, na njano iko palepale. Wengine hufukia misumari yenye kutu. Nayo haifai kitu kwenye udongo kama huu, kwa kuwa chuma hicho kinajifunga vilevile.

Pima hivi. Chukua kijiko kimoja cha mezani cha udongo mkavu kutoka juu, na kingine kutoka kina cha sentimita 30. Mwagia siki kila kimoja. Ukisikia unachemka na ukaona povu, una chokaa ya wazi. Kisha tazama kingo za majani ya zamani: zikiwa zimeungua na kukauka, kisima chako kina chumvi. Uniambie.

---

BintiRaskazone

Shikamoo mama. Udongo wa juu unatoa povu kidogo. Wa chini unachemka kweli, na una vipande vyeupe vya matumbawe. Kingo za majani ya zamani zimekauka kama ulivyosema.

Bwana Miche, fimbo ilikuwa inatokea chini ya kovu. Imeng'oka na kisigino chake.

---

Mama Chumbageni

Marahaba.

Basi usipoteze hela kununua salfa ya unga. Salfa hushusha pH pole pole pale pasipokuwa na chokaa ya wazi. Penye vipande vya matumbawe, asidi yote inayotengenezwa inaliwa na chokaa, na wewe unarudi dukani. Mti utoke hapo ulipo. Masika yameisha, kusi linavuma na jua limepoa, wakati wa kuhamisha ndio huu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni tuta la kuinua, kimo cha sentimita 50, upana mita 1, mbali na ukuta angalau mita 1. Kingo zake jenga kwa matofali ya kuchoma. Mawe ya matumbawe hayafai, na matofali ya saruji nayo huachia chokaa. Ya pili ni chungu au pipa lililokatwa, lenye upana na kina kisichopungua sentimita 40, na matundu manne au matano chini. Ndoo ya lita 20 inatosha mwaka wa kwanza tu; mizizi ikijaa, mti unasimama tena na mtu anaanza kulaumu mbolea.

Mchanganyiko ni huu: madebe mawili ya udongo mwekundu wa upande wa Muheza (upime kwa siki kwanza, usitoe povu), debe moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu, na debe moja la makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Hapo kwenye makumbi ndipo watu wa pwani wanapoumia. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza usumba yamejaa chumvi. Chukua ya shambani, yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, mwaga maji, rudia mara mbili. Mabaki ya mkonge pia ni mazuri yakishaoza kabisa, lakini mabichi huchachuka na kuunguza mizizi. Samadi ya kuku isiyooza vilevile.

Kuhamisha: mwagilia siku moja kabla, chimba duara la sentimita 30 kutoka shinani, uinue na udongo wake bila kuutikisa. Vile vipande vya matumbawe vya pembeni vitoe kwa mkono. Kovu la kubebeshea libaki vidole viwili juu ya udongo mpya, kwa sababu makumbi na samadi vikilifunika, Iceberg itatoa mizizi yake au sehemu hiyo itaoza. Funika kwa kivuli cha makuti wiki mbili.

Maji: lita 10 kwa mti mkubwa, mara mbili kwa wiki, na wakati wa kaskazi mara tatu. Mimina chini, asubuhi. Kinga maji ya mvua kadiri unavyoweza, uyatumie kwenye waridi kabla ya kufulia nguo. Ukilazimika kutumia ya kisima, basi mara moja kwa mwezi mwagilia mara tatu ya kawaida mpaka maji yatoke chini ya chungu, ili chumvi isukumwe nje. Vijiko viwili vitatu vya maji kila jioni ndiyo namna ya hakika ya kuikusanya chumvi juu.

Kwa njano iliyopo, tafuta dawa ya chuma aina ya EDDHA, ni unga mwekundu mweusi. Ile ya EDTA ni rahisi zaidi lakini hushindwa pH ikipita 6.5 hivi. Fuata kipimo cha pakiti, mimina udongoni jioni. Tazama majani mapya, usihukumu kwa ya zamani.

Mbolea ya dukani isubiri hadi uone vichipukizi vyekundu. Hapo NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, kuzunguka mti sentimita 15 kutoka shinani, udongo ukiwa umelowa kabla na unyweshwe tena baadaye. Rudia kila duru ya maua ikiisha. Kwenye chungu kijiko cha chai kinatosha.

---

Pogoa_Taratibu

Nimefurahi Bwana Miche kusema kupogoa kusubiri. Maelekezo mengi yanayozunguka ni ya nchi zenye baridi kali, ambako mwaridi hulala, ukakatwa hadi vidole vichache juu ya ardhi, ukaamka na akiba iliyo mizizini. Tanga haulali. Ukiukata hivyo unauondolea majani ukiwa kazini, na jua linababua magome yaliyokuwa kivulini. Huku pwani ondoa theluthi moja tu ya kimo, mara mbili kwa mwaka: Juni baada ya masika, na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Kwanza toa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Machi na Aprili usiguse zaidi ya maua makavu, kwa sababu chipukizi laini linalotoka wakati wa mvua linaliwa na madoa meusi.

Na madoa hayo ndiyo adui namba moja wa Iceberg. Ni kuvu. Mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa kama saa 7 hivi ndipo ziote, ndiyo maana kumwagilia majani jioni ni kuzialika. Okota majani yote yaliyoanguka, uyachome au uyatupe mbali, usiyatie kwenye mboji. Ondoa na yenye madoa yaliyobaki mtini, lakini si yote siku moja. Acha mita 1 kati ya mti na mti. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, ili matone ya mvua yasirushe kuvu kutoka udongoni.

Dawa: mankozebu, gramu 2 kwa lita moja ya maji, au kama pakiti inavyosema. Inalinda jani, haiponyi doa lililokwisha tokea. Kwa hiyo ianze mvua za kwanza za masika, kila siku 7 hadi 10, pande zote mbili za jani, na urudie mvua kubwa ikiiosha. Vaa glavu na barakoa. Anayeanza kupuliza mwezi wa tano mti ukiwa umebaki vijiti anamwaga dawa bure.

Kuanzia Desemba mambo yanageuka. Kaskazi likivuma, joto na ukavu huleta utitiri mwekundu. Majani hufifia na kuwa na vidoadoa vya kijivu, na chini yake kuna utando mwembamba. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikitembea, ndio hao. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi na mapema kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki mbili. Au sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja, jua likiwa halijapanda. Usikimbilie dawa kali ya kuua kila mdudu: inaua wadudu wanaokula utitiri, wenyewe unabaki na kuzaana.

---

Bwana Miche

Mwisho wa Septemba mimi naona ni mapema kwa mti uliohamishwa Juni. Mwaka huu asiupogoe tena hadi Juni ijayo, akate maua tu.

---

Pogoa_Taratibu

Kwa mti huu nakubali. Kwa mti wenye afya nabaki na Septemba.

---

Matumba

Yote mliyosema ni sawa, ila mtu amwambie dada ukweli: Iceberg si chaguo bora la Raskazone. Ilitolewa na Kordes, Ujerumani, mwaka 1958, na mwaka 1983 iliingizwa kwenye orodha ya heshima ya mawaridi duniani. Sifa hizo inastahili. Penye hewa kavu na usiku wa baridi, kama Lushoto iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, hujaa maua meupe na matumba hupata wekundu kidogo. Kwenye unyevu wetu huishi kwa dawa.

Anayetaka waridi la kila mwezi lisilomchosha atafute yale ya zamani ya asili ya China. Huko ndiko tabia ya kurudia ilikotoka. Mawaridi mengi ya Ulaya yalikuwa yakichanua mara moja kwa mwaka mpaka miche ya China ilipofika huko mwishoni mwa karne ya 18; mojawapo ni Old Blush, la rangi ya waridi hafifu, ambalo Waingereza walilipata miaka ya 1790. Tabia hiyo ikichanganywa na mbegu nyingine hujificha kizazi cha kwanza, ndiyo maana ilichukua muda mrefu kupatikana mawaridi makubwa ya kurudia. La France ya mwaka 1867 huhesabiwa kuwa la kwanza la ukoo wa kisasa uitwao hybrid tea.

Kwa pwani nataja matatu. Old Blush, ambalo karibu halikosi ua. Mutabilis, lenye petali tano tu, linalofunguka likiwa manjano, likageuka rangi ya waridi, likamalizia wekundu wa damu ya mzee, rangi zote zikiwa mtini kwa wakati mmoja. Na Gruss an Teplitz ya mwaka 1897, nyekundu yenye harufu kali, linalovumilia joto kiasi kwamba limezoeleka sana India. Ua lake huinama, nalo si la kuweka mezani.

Uzuri mwingine ni kwamba mawaridi haya hushika kwa vipandikizi, hayahitaji kubebeshwa, na hivyo hakuna fimbo pori ya kupigana nayo. Kata tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, macho manne. Mkato wa chini uwe chini kidogo ya jicho. Acha majani mawili juu, zamisha theluthi mbili kwenye mchanga wa mtoni (wa ufukweni una chumvi) uliochanganywa nusu kwa nusu na makumbi yaliyooshwa. Funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi hutoka wiki ya 4 hadi ya 6. Chipukizi likitangulia usishangilie, tawi huchipua kwa akiba yake kabla halijaota mizizi. Livute kidogo, likigoma kutoka, tayari.

---

BintiRaskazone

Shukrani sana nyote. Tuta litajengwa wiki hii, na Old Blush nitaitafuta.

Swali la mwisho. Kuna harusi mwezi wa kumi. Nikitaka maua meupe ya mezani yawe tayari wiki hiyo, na petali za kutia kwenye vikuba pamoja na asumini na rehani, nifanyeje?

---

Bwana Miche

Kutoka kukata shada hadi ua jipya ni kama wiki 6 kwa joto la huku, pengine 7 kusi likiendelea. Kwa hiyo, kama harusi ni katikati ya mwezi, kata maua yote wiki ya mwisho ya Agosti. Usiyakate siku moja: nusu ya mti leo, nusu baada ya siku tano, usije ukapata maua yote kabla ya harusi na siku yenyewe ukabaki na majani. Tumba la katikati ya kila shada likionekana, lichomoe. Yaliyobaki yatafunguka pamoja.

Lakini huu mti umehamishwa Juni. Usiutegemee peke yake, agiza na ya Lushoto.

Kata alfajiri, mashada yenye ua moja au mawili yaliyokwisha funguka. Yaingie kwenye ndoo ya maji papo hapo, yakae kivulini saa mbili au tatu kabla ya kupangwa. Majani yatakayozama yatoe, kata tena vikonyo kwa mshazari, badilisha maji kila siku. Kijiko cha chai cha sukari na matone mawili ya jiki kwa lita moja husaidia. Sukari bila jiki inaozesha maji.

Kwa vikuba usitegemee Iceberg, harufu yake ni hafifu mno, asumini itaifunika. Tafuta Gruss an Teplitz au waridi lolote jekundu linalonukia, lichumwe asubuhi umande ukishakauka na kabla ya saa 3, maana jua likishapanda harufu inakuwa imekwenda. Na petali zitoke kwenye mti ambao haukupulizwa mankozebu wala dawa yoyote duru hiyo, kwa kuwa kikuba kinakaa kifuani na kwenye nywele za mtu. Ukiwa na mti mmoja tu wa kunukia, uupande mbali na ule wa kupuliziwa, kwenye upande linakotokea kusi, ili dawa ya jirani yake isipeperushwe juu yake.